Chumba cha Mashariki

Mthamini wa majengo alikuwa amelala chali kwenye korido, ngazi ya aluminiamu imemwangukia mapajani, na juu yake tundu la dari liko wazi. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga ukutani, soksi ndani. Mtu na adabu zake. Hakutaka kuchafua nyumba ya watu, akaishia kufia humo humo.

"Ameteleza," alisema sajenti.

Inspekta alipiga magoti, akaweka shavu karibu na sakafu na kuitazama kwa jicho moja. Kituoni walimwita Kijiko, kwa sababu hajawahi kukuta kikombe kimetulia akakiacha bila kukikoroga. Jina hilo alilijua na halikumsumbua, mradi wasilitaje mbele ya mkuu wa kituo.

"Sajenti, ngazi ikiteleza, miguu yake inafanya nini?"

"Inateleza, afande."

"Inaburuza. Ikiburuza inakwaruza. Sakafu hii imepakwa rangi juzi tu, na haina mkwaruzo hata mmoja. Tena ngazi imeanguka ubavu. Hii imetikiswa mpaka ikapinduka."

Sajenti alishusha pumzi. Alikuwa na kitambi, magoti mabovu, na miezi minane tu kabla ya kustaafu, na kesi ndogo inayogeuka kubwa ilimuuma kama jino. Aliandika aliyoambiwa.

Inspekta aligusa ukosi wa shati la marehemu. Ulikuwa na unyevu. Alinusa vidole: maji tu. Kwenye mfuko wa shati alikuta dira ndogo ya shaba, imechakaa kwa kushikwashikwa. Kando kulikuwa na mkoba wa ngozi, ndani yake futi, kalamu na jalada la buluu lenye karatasi zilizogongwa muhuri na kutiwa saini chini, juu hazina neno. Daftari la vipimo halikuwemo. Mthamini asiye na daftari ni kama kinyozi asiye na mkasi, na Inspekta hakupenda hata kidogo.

Ukutani, kuanzia mlangoni hadi darini, kulikuwa na ufa. Pembeni mwa ufa mtu alikuwa amechora vistari kwa penseli, kila kimoja na tarehe yake, ili kuona unakua kwa kasi gani. Ulikuwa unakua vizuri kuliko watoto wengi.

Jikoni vyombo vya asubuhi vilijaa kwenye sinki, vichafu vyote. Kilichooshwa ni glasi moja tu, imefunikwa peke yake juu ya kitambaa.

"Ifunge hiyo kama kielelezo," alisema Inspekta.

"Glasi, afande?"

"Glasi, sajenti. Nani anaosha glasi moja na kuacha sufuria?"

*

Mwenye nyumba, mchonga mihuri, ndiye aliyekuta maiti alipokuja kula saa sita mchana, na ndiye aliyepiga simu. Mkewe, karani wa shule ya msingi, aliitwa kutoka kazini. Inspekta alianza na mke. Walikaa sebuleni, chini ya ramani ya nyumba iliyowekwa kwenye fremu na kioo, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

"Huyu marehemu ulimfahamu, dada?"

"Hapana. Nadhani mume wangu ndiye aliyemwita. Mambo ya benki hayo."

"Mambo gani?"

"Ameomba mkopo wa pili kwa dhamana ya nyumba hii hii. Anilipe nusu yangu, niende zangu."

"Mnaachana?"

"Tulishaachana, tunasubiri nyumba tu. Mimi nalala kile chumba kidogo, yeye chumba cha mashariki. Mwaka wa pili huu. Tunapishana korido kama wapangaji."

"Na hiyo nusu yako, utaifanyia nini?"

Karani alimtazama kana kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa tangu dunia iumbwe.

"Nitaondoka, afande. Miaka kumi na miwili mshahara wangu umeingia kwenye rehani ya nyumba hii. Wenzangu walikuwa wakinunua viatu, mimi nanunua saruji. Nimeshapata sehemu, chumba na sebule. Nimelipa malipo ya awali. Mwisho wa mwezi nisipomalizia, anapewa mwingine na hela yangu imeliwa."

"Mwisho wa mwezi ni siku tisa."

"Nazihesabu."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilipitia kliniki, kisha kazini."

Alijibu vizuri, bila kukimbia wala kuchelewa. Inspekta alimshukuru na kwenda kwa mume, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, akisugua vidole vyake. Vilikuwa vya zambarau kwa wino wa mihuri, na havikusuguliwa vikatakata.

"Kaka, ulimwita mthamini wa nini?"

"Mimi? Sikumwita mtu."

"Mkeo anasema umemwita."

"Mke wangu anasema mengi."

"Nani alimfungulia mlango?"

"Sijui. Funguo tunazo wawili."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kibandani kwangu. Nachonga."

"Nani alikuona?"

"Wateja wawili. Biashara mbaya siku hizi."

"Ombi la mkopo wa pili limefikia wapi?"

Mchonga mihuri aliacha kusugua vidole.

"Bado wanaangalia," alisema, na akatazama pembeni.

Uongo mwingine una harufu. Huu ulinuka hadi getini.

*

Daktari wa maiti, walipomwona Jumatano asubuhi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Uti wa mgongo umevunjika, damu imevujia ndani. Wakati wa kuanguka, kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu asubuhi.

"Alikufa papo hapo?" aliuliza Inspekta.

"Hapana. Alikaa kama nusu saa. Kichwa kikiwa na fahamu, miguu haisikii. Angeitiwa gari la wagonjwa, angeweza kupona. Kutembea, hapana. Kuishi, ndiyo."

Inspekta aliukumbuka ule ukosi wenye unyevu, na kwa muda hakutaka kukumbuka kitu kingine.

Kutoka hapo walikwenda benki, maana afisa mikopo alikuwa amepiga simu mwenyewe. Alikuwa mtu msafi, amefunga tai hadi inambana, na mbele yake kulikuwa na bahasha ya kaki.

"Nimeikuta imepenyezwa chini ya mlango leo asubuhi," alisema. "Ni taarifa ya thamani ya nyumba ile. Imesainiwa na marehemu, tarehe ya jana."

Inspekta alizipindua kurasa kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa tatu, muhuri na saini kila moja. Pembeni kushoto, juu hadi chini, kila ukurasa ulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama unywele.

"Inasemaje?"

"Inasema nyumba ina thamani mara mbili ya ilivyo. Ni kichekesho."

"Nieleze kama unayemweleza shangazi yako aliyekuja mjini leo."

Afisa alilegeza tai. "Walijenga kwa mkopo wetu. Ilikuwa nyumba nzuri. Kisha machimbo ya kokoto yakafunguliwa nyuma ya mtaa. Wakilipua baruti, ukuta unapata ufa. Vumbi mchana kutwa. Nani atanunua hapo? Leo ukiiuza, sisi tunachukua kila kitu, na wao bado wanadaiwa karibu theluthi ya mkopo."

"Na mkopo wa pili?"

"Mkopo wa pili unakaa juu ya kile kinachobaki ukishatoa wa kwanza. Pale hakibaki kitu. Kuna shimo. Huwezi kuweka rehani shimo."

"Hakuna mtu aliyezunguka mbuyu kwako? Ukafumba jicho kidogo?"

Afisa alikunja uso, akafungua droo, akatoa karatasi.

"Afande, ombi hilo nililikataa wiki tatu zilizopita. Hii nakala ya barua. Mume aliichukua kwa mkono wake, akasaini hapa. Sasa kwa nini mtu aniletee thamani ya nyumba kwa faili lililofungwa?"

Swali zuri. Inspekta aliomba nakala ya barua na kuiweka kwenye mkoba wake. Sajenti alisubiri mpaka walipofika nje, kisha akashindwa kujizuia.

"Mchonga mihuri, afande. Taarifa ya uongo, muhuri wa uongo, na mwenye nyumba anachonga mihuri. Kesi imekwisha, twende tukale."

"Mkamate," alisema Inspekta. "Lakini usile kwanza."

*

Mchonga mihuri alilala mahabusu siku mbili. Mtaa mzima ulikwisha kumhukumu. Wateja wake wawili wa asubuhi ile walianza kukumbuka kwamba macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya tatu majibu ya maabara ya nyaraka yalifika. Inspekta aliyasoma, akaenda ofisini kwa marehemu kuzungumza na mama aliyekuwa akimpigia chapa kwa miaka kumi na tano. Mama yule alilia kwanza, kisha akasema la maana.

"Alikuwa na tabia moja mbaya. Alisaini na kugonga mihuri karatasi tupu kabla hajatoka, ili akirudi mimi nichape tu, asisumbuliwe. Nilimwambia, mzee, siku moja utakuja kulia. Jana yake nilimhesabia kumi, nikaziweka kwenye jalada la buluu."

"Zimebaki saba," alisema Inspekta. "Na kwenye daftari lake la miadi, aliandikaje safari ya Jumanne?"

Mama yule alifungua daftari la mezani. "Hakuandika nani kampigia. Kaandika mtaa, na saa tatu kamili."

Kwenye gari Inspekta alichezea mfuko wa kielelezo wenye ile dira.

"Muhuri ni wa kweli, sajenti. Karatasi ziliibwa mkobani."

"Sasa?"

"Sasa niambie. Wewe unachonga mihuri. Unaweza kutengeneza wowote kwa saa moja. Utaiba karatasi zilizogongwa za nini?"

Sajenti alifikiri. Alipofikiri, midomo yake ilitembea.

"Anayeiba muhuri ni asiyeweza kuuchonga," alisema hatimaye, kwa huzuni ya mtu anayeona chakula chake kikirudishwa jikoni.

Walimtoa mchonga mihuri mahabusu, wakamketisha kwenye chumba cha mahojiano. Ndevu zilikuwa zimemchipua, vidole bado vya zambarau.

"Barua ya kukataliwa iko wapi, kaka?"

"Barua gani?"

"Nimechoka, na wewe umechoka. Saini yako nimeiona."

Mtu yule aliinamisha kichwa. "Chini ya godoro langu."

"Mkeo hajui?"

"Hajui. Kila jioni ananiuliza, wamesemaje? Namwambia bado wanaangalia."

"Kwa nini umpige chenga mtu ambaye mmeshaachana?"

"Kwa sababu siku nikimwambia wamekataa, anafunga virago. Na hela au bila hela, namjua. Anabaki kwa sababu anasubiri."

"Mnalala vyumba mbalimbali."

"Namsikia akikohoa usiku," alisema mchonga mihuri. "Mnakosea mkidhani hicho ni kidogo."

Sajenti alijifanya anatafuta kalamu.

*

Saa kumi na moja jioni alirudi kwenye ile nyumba, yeye na sajenti tu. Alikuwa na taarifa ya uongo mkononi, anaisoma chumba kwa chumba, kama mnunuzi. Jiko, sawa. Sebule, sawa. Akaingia chumba cha mume.

Jua lilimpiga usoni mpaka akafumba macho. Kitanda, kabati, godoro lililofichiwa barua, vyote vilikuwa vya moto. Alisimama hapo katikati, mkono kwenye paji la uso, akasoma kwa sauti.

"'Chumba cha mashariki kina dirisha pana na hewa safi ya asubuhi.'"

"Ndiyo, afande," alisema sajenti.

"Ndiyo nini? Saa ngapi sasa?"

"Kumi na moja."

"Na jua liko wapi?"

Sajenti alitazama dirisha. Alitazama saa. Alitazama tena dirisha.

"Hiki ni chumba cha magharibi," alisema polepole.

Inspekta alitoa dira ya marehemu. Sindano ilicheza, ikatulia, ikasema vile vile. Mtu aliyetembea na kitu hiki mfukoni miaka yote, kikachakaa kwa kushikwa, hawezi kuandika mashariki mahali ambapo jua linazama. Na afisa wa benki hajawahi kukanyaga chumba hiki.

Alipiga simu kituoni, akaomba apewe mchonga mihuri azungumze naye.

"Chumba unacholala, mnakiitaje?"

"Mimi nakiita tanuri," alijibu mtu yule. "Jua linanichoma kila jioni."

"Nani anakiita cha mashariki?"

"Mke wangu. Ramani aliichora mwenyewe, ile iliyoko sebuleni. Fundi akaishika juu chini, nyumba ikatoka imegeuka. Tulipogundua, kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Alilia wiki nzima, kisha akasema habadilishi jina hata moja. Kwake mpaka leo ni cha mashariki."

Inspekta alimsikia akivuta pumzi, na akajua kwamba mtu huyu amekwisha kuelewa alichokisema.

"Afande," alisema mchonga mihuri. "Mimi ndiye niliyeua. Andika."

"Acha ujinga, kaka," alisema Inspekta, na akakata simu.

*

Ofisi ya karani ilikuwa ndogo, na mafaili yake yalikuwa yamepangwa kwa rangi. Mlangoni kulibandikwa tangazo la mkutano wa wazazi. Pembeni kushoto, juu hadi chini, tangazo lilikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama unywele. Inspekta alilibandua taratibu asilichane.

"Mashine yenu ya kuchapa ina doa, dada."

"Nimeomba fundi tangu mwaka jana."

"Kliniki uliyosema hawakukuona Jumanne. Mwalimu mkuu anasema uliingia saa tano, ukajifungia kuchapa, na ulipoitwa nyumbani saa saba ulikuwa umeshamaliza."

Karani alikuwa ameshika kibanio cha karatasi. Alikiweka chini, sambamba na kalamu.

"Chumba cha mashariki kiko upande gani?" aliuliza Inspekta.

"Cha mume wangu?"

"Upande gani wa dunia?"

Mdomo wa karani ulifunguka kujibu, ukabaki hivyo. Mkono wake wa kulia ulipanda kidogo, ukaelekea kulikokuwa na dirisha, ukasita, ukashuka. Miaka kumi na miwili jua limezama kwenye dirisha lile, na yeye hajawahi kulikubalia.

"Nilimpigia mimi," alisema. "Kwa pesa yangu. Niliona benki wanachelewa, nikasema labda wanataka karatasi ya mthamini. Nikamfungulia mlango mwenyewe."

Sajenti alianza kuandika.

"Akapima kila mahali. Mimi nyuma yake, nina furaha kama bibi harusi. Akapanda darini, akatazama nyufa, akasema kutoka huko juu, 'Mama, hapa hakuna nusu. Ukiigawa nyumba hii, unagawa deni.' Alisema hivyo hivyo, kama anataja bei ya nyanya."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwomba aandike zaidi. Akacheka. Si kwa ubaya, alicheka tu. Akasema akiandika uongo hatapata usingizi. Nikamwambia shuka tuongee uso kwa uso. Akaendelea kupapasa mbao zake huko. Nikaitikisa ngazi."

"Ulitaka aanguke?"

"Nilitaka ashuke." Alitazama mikono yake. "Akaanguka. Macho wazi. Akasema hasikii miguu. Akaomba maji."

"Ukampa?"

"Nikampa. Nikamshika kichwa, nikamnywesha, mengine yakamwagika. Akaniambia ahsante, binti yangu. Halafu nikaufungua mkoba wake, nikaona zile karatasi."

Kalamu ya sajenti ilisimama, kisha ikaendelea kuandika.

"Simu yako ilikuwa wapi?" aliuliza Inspekta.

"Mkononi."

"Nusu saa, dada. Alikuwa hai nusu saa."

"Najua. Nilikuwa nimekaa naye. Nilisema nikipiga simu atapona, akipona atasema, na mimi nitabaki kwenye ile nyumba hadi nizeeke. Aliponyamaza nikachukua karatasi tatu na daftari lake. Daftari nimelichoma. Glasi nikaiosha." Alijifuta uso kwa kiganja, harakaharaka, kama anayefuta vumbi. "Niambie kitu kimoja tu. Ule mkopo ungetoka?"

Inspekta angeweza kunyamaza. Sheria haikumtaka ajibu. Lakini alitoa ile nakala ya barua mkobani na kuiweka juu ya meza.

Karani aliisoma kama wanavyosoma makarani, kuanzia tarehe. Hapo kwenye tarehe alikaa muda mrefu. Kisha macho yalishuka hadi chini, kwenye saini ya aliyepokea.

"Wiki tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Kila jioni nilimuuliza."

"Amekiri. Hakutaka uondoke."

Karani aliikunja barua mara mbili, akalainisha mkunjo kwa ukucha, akairudisha. Akasimama, akavuta blauzi yake, akanyoosha mikono kwa sajenti afunge pingu. Sajenti, mzee wa miaka thelathini kazini, alihangaika na kufuli kama mgeni.

"Una la kuongeza kwenye maelezo yako?" aliuliza Inspekta.

"Ndiyo. Andikeni kwamba ile nusu yangu nimemwachia yeye."

Sajenti alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa kukubali, na sajenti akaandika.